Ndani Kuna Nini? Mbiu za Picha za Idi Malindi

Nyinyi vijana mnaoshika milango ya sinema, mtakaosoma haya gazetini, nisameheni herufi zangu. Zinaegemeana kama watu wanaotoka ngomani. Darasa nililosoma lilikuwa la misheni, nami nililiacha kabla ya kufundishwa vizuri mahali pa kuweka nukta, kwa hiyo mkiikosa nukta mahali, vuteni pumzi wenyewe. Naandika polepole pia. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Leo nashukuru kwamba mkono wangu ni mzito, maana nina hasira, na mtu mwenye hasira akiandika upesi hutukana.

Hasira yenyewe imeanzia mlangoni penu. Juma lililopita nilikwenda sinema na mke wangu, ambaye moyo wake si mzima. Nikamwuliza kijana wa tiketi, "Mwanangu, ndani kuna nini?" Hakuinua hata uso. Akanyoosha kidole kwenye ubao: WATU WAZIMA TU. Nikamwambia, "Utu uzima wangu naujua. Nauliza ndani kuna nini." Akasema, "Mzee, ubao si huo hapo?" Tukarudi nyumbani. Sijui mpaka leo ndani mlikuwa na nini, na naapa kijana yule hajui vilevile.

Kazi hiyo mimi nimeifanya, miaka ile picha zinazokwenda zilipokuwa kitu kipya hapa Malindi, kabla baba zenu hawajaota meno. Hatukuwa na ubao. Tulikuwa na pembe ya nyati na mdomo wangu. Nilipita Shela, nikapita sokoni, nikaenda mpaka njia ya Mambrui, pale watu wa bara wanapoingia mjini na mizigo. Nikapiga pembe, nikasema leo kuna picha gani, ndani yake mna nini, na nani asije. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kazi. Hayo mengine hata kasuku angeyasema.

Na msicheke, lakini mimi nilikuwa kijana mwenye haya kuliko wote waliowahi kushika pembe. Mwanamke akinisalimu njiani, niliitikia huku naangalia vidole vya miguu yangu. Mzee Mshamu, mpiga mbiu wa mji, alinichukua kwa sababu mapafu yangu yalikuwa mazima na yake yamechoka. Siku ya kwanza nilisimama sokoni nikapiga pembe vizuri sana. Watu wakanyamaza, wakanigeukia wote. Nikapiga pembe tena. Wakazidi kuningoja. Nikapiga tena.

"Ewe!" akaniita muuza samaki mmoja. "Utasema wewe, au tumngoje nyati mwenyewe aje aseme?"

Mzee Mshamu akanivuta pembeni. Hakunipa moyo, hakuwa mtu wa namna hiyo. "Unadhani wanakutazama wewe?" akaniambia. "Wewe una nini cha kutazamwa? Wanataka kujua kama jambo lenyewe linawahusu. Waambie upesi, uwaache waende zao."

Maneno hayo yaliniponya haya kuliko dawa yoyote. Tangu siku hiyo nikisimama mbele ya watu najua kwamba si mimi wanayemtafuta.

Akanifundisha mbiu ya kifo kwanza, kwa kuwa aliyeiweza hiyo anaziweza zote. Jina hutangulia. Jina, mtoto wa nani, mtaa gani, halafu ndipo useme amefariki. Aliniambia kwamba ujanani mwake aliwahi kuanza na neno "Amefariki!" kisha kikohozi kikamshika.

"Kabla sijamaliza kukohoa," akasema, "kila nyumba iliyokuwa na mgonjwa ilikuwa imekwisha kuanza kilio."

"Na waliofiwa wenyewe?"

"Walikuwa wanaosha vyombo, wanawasikitikia jirani."

Alicheka mpaka akakohoa tena, lakini kisha akanishika bega kwa nguvu. "Na jambo jingine, Karisa. Usimwambie mtu atahisi nini. Usiseme hili la kutisha, hili la kuhuzunisha. Sema kuna nini. Kuhisi atahisi mwenyewe."

Wakati huo Bwana Jivan, mwenye duka la nguo karibu na soko, alileta mashine ya picha kutoka Mombasa. Aliifunga ndani ya ghala lake la simsim, ghala refu lenye harufu ya mafuta mpaka kwenye kuta. Katikati alitundika shuka nyeupe. Upande wa huku walikaa wanaume na mashine, upande wa kule wanawake, na wao walikuwa na mlango wao wa uani. Kabla ya kuanza, shuka ilirushiwa maji ili mwanga upenye, na wanawake wakaiona picha ileile kwa nyuma, kulia imekuwa kushoto. Mlango wao ulishikwa na Bi Salima, mama wa mjini mwenye ulimi. Alikuwa akituambia, "Nyinyi wanaume mnaonyeshwa uso wa mambo, sisi tunaona mgongo wake."

Mbele nitamkasirikia Bwana Jivan, kwa hiyo hapa nimpe haki yake. Hakuwa mtu mbaya, na mwanzoni aliielewa kazi. Kila mkanda mpya ulipofika alifunga milango mchana, akanionyesha peke yangu, ili nijue nitakwenda kusema nini. Huko ndiko nilikojifunza kutazama picha kama mtu wa kazi. Mtazamaji hutazama bwana harusi. Mpiga mbiu hutazama mbwa, maji, damu, moto, watoto. Mtu akipigwa kofi, hiyo haihitaji mbiu. Farasi akianguka asiinuke, hiyo inahitaji. Mtoto akipotea, iseme, na useme kama ataonekana, maana mama aliyemo ndani hatazami tena chochote mpaka mtoto yule aonekane.

Kwa hiyo nilikuwa nikipita nasema hivi: "Leo kuna gari la moshi linakuja usoni, haliwafikii. Kuna bwana anang'olewa jino, damu mtaiona. Kuna mbwa anaanguka mtoni, anaokolewa. Mwenye mimba akitaka aje kesho, kesho kuna maua na ndege." Watu walinisikiliza, wakachagua siku yao. Wengine walikuja kwa ajili ya jino tu.

Kisha ukaja mkono na sikio. Mwalimu wa chuo cha Kurani alilalamika kwamba watoto wanashtuka usingizini na asubuhi hawajui hata walichokihifadhi jana. Alikuwa na haki. Bwana Jivan akasema tuweke umri. Umri gani? Hakuna mtoto aliyekuwa na miaka iliyoandikwa mahali. Ukimwuliza mama mtu, anakwambia, "Huyu ni wa mwaka wa nzige." Nzige wa lini? "Wale wakubwa." Basi Bwana Jivan akaleta kanuni aliyoisikia kwa mtu: mkono wa kulia upite juu ya kichwa, vidole viguse sikio la kushoto. Anayegusa ni mkubwa, aingie. Asiyegusa ni mtoto, arudi kwao.

Nikasimama mlangoni kupima masikio. Mtoto mmoja wa muuza halua, bado anabadilisha meno, alikuwa na mikono mirefu kama ya ngedere. Aligusa sikio akabakiwa na kiganja kizima cha kumpungia mama yake. Akaingia. Fundi Abeid, mshona kanzu, mnene, shingo hana, baba wa watoto wengi, alinyoosha mkono juu ya kilemba ukaishia kwenye utosi.

"Fundi, rudi nyumbani ukanyonye!" watu wakapiga kelele.

"Kanuni ni kanuni," mwingine akasema. "Hajabaleghe huyo."

Mtoto wake mkubwa akatoka kwenye mstari, akamshika baba yake mkono, akaniambia kwa heshima zote, "Mwache, Bwana Karisa, huyu yuko pamoja nami." Hata Fundi Abeid mwenyewe alikaa chini akacheka.

Tulicheka sana na masikio. Lakini sikilizeni madhara yake. Bwana Jivan aliipenda kanuni ile kwa kuwa ilikuwa fupi. Akaanza kuniambia, "Karisa, mbiu yako ndefu, watu wanachoka. Sema tu asiyegusa sikio asije, yatosha." Akaamini kwamba aliyefika sikio hana tena kitu cha kumwumiza duniani. Na ubao wenu ndio huo huo mkono juu ya kichwa. Hamkuubadilisha ila rangi.

Sasa niwaambie habari za mama mdogo wangu, Kadzo, mdogo wa mama yangu mzazi. Mwaka uliotangulia, kule kwetu bara kulikuwa na vita, na nyumba zikachomwa. Wengi wenu mmesimuliwa na nyanya zenu, sina haja ya kuyarudia yote. Mama mdogo Kadzo alikaa upande wa Marafa. Nyumba yake ya nyasi iliungua, na uchaga wake uliojaa mahindi uliungua, naye alisimama kichakani akaona vyote viwili mpaka vikawa majivu, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Akaja kukaa kwangu Malindi. Alikuwa bado anapika, lakini alipika kwa ubavu, mkono mmoja kwenye mwiko na uso ameugeuzia ukuta. Hakulia. Hakucheka pia. Alijibu ukimwuliza, basi.

Siku moja nilimwigizia picha ya mtu mwenye ngazi. Ilikuwa ni picha ya mtu wa kupaka kuta chokaa aliyebeba ngazi begani. Kila akiitwa anageuka, na kila akigeuka ngazi inampiga mtu mwingine, mpaka yeye mwenyewe anaangukia kwenye pipa la chokaa. Nilichukua mchi nikauweka begani, nikageuka, nikaangusha sufuria. Mama mdogo alitoa sauti nikadhani amepaliwa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, akaniambia nirudie, nikarudia, nikaangusha na mtungi.

"Huyo mtu wa ngazi," akasema, "nataka nimwone kwa macho yangu."

Idi ilikuwa karibu. Bwana Jivan alipanga picha za sikukuu, jioni baada ya jioni, kila jioni namna yake. Ya kwanza kucheka, na mtu wa ngazi yumo. Ya pili ilikuwa mkanda wa vita, ulioletwa na mgeni wake, mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa akikodisha picha. Nilikuwa nimekwisha kuutazama mkanda ule mchana. Ilikuwa nchi ya mbali, ya Wazungu, wala sijui ya wapi. Lakini askari walikuwa wanapita na vijinga vya moto, na mapaa yalikuwa ya nyasi. Paa la nyasi huungua namna moja kila mahali. Ng'ombe walikuwa wanaswagwa. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nje na mzigo wake, anatazama.

Nikamwambia Bwana Jivan, "Hii lazima niiseme yote. Mji huu umejaa watu waliotoka huko juzi."

"Sema vita."

"Vita havitoshi. Nitasema nyumba za nyasi zinachomwa."

Akanung'unika, akakubali. Nikatoka na pembe. Mjini nilisema kwa Kiswahili, na kwenye njia ya Mambrui nikasema kwa lugha yetu, wanayoijua akina mama wanaoleta kuni na mikeka. Kwetu moto ni moho. Nikasema, "Leo ni ya kucheka. Hakuna bunduki, hakuna moho. Moho ni kesho, wa nyumba za nyasi. Mwenye kidonda chake asije kesho, aje leo."

Nyumbani mama mdogo alikuwa amekwisha kuoga na kujipaka mafuta.

"Karisa, leo hakuna moho?"

"Hakuna."

"Kweli?"

"Mama mdogo, nimekwisha kupiga mbiu."

Hakuuliza tena. Akafunga kanga yake mpya, akatoka na wenzake.

Ghala lilijaa. Kanzu mpya, marashi, watoto wananyoosha mikono juu ya vichwa hata bila kuambiwa. Nilikuwa mlangoni bado napima masikio mashine ilipoanza kulia. Nikangoja kicheko. Mtu wa ngazi alikuwa wa kwanza, na kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka barabarani kila alipoonyeshwa. Sikusikia kitu. Nikachungulia ndani. Kwenye shuka palikuwa na askari.

Nilipita juu ya miguu ya watu mpaka kwenye mashine. Bwana Jivan alikuwa anazungusha, na mgeni wake amekaa kando kwenye kiti.

"Bwana Jivan, si hii! Leo ni ya kucheka!"

"Mgeni anaondoka na meli asubuhi, anataka kuona watu wataipokeaje. Kesho watacheka. Kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba nimesema!"

"Utasema kesho kwamba ulikosea. Nenda mlangoni."

Mgeni akauliza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeuliza saa, "Watoto wamepimwa masikio?"

"Wamepimwa," Bwana Jivan akajibu.

"Basi shida iko wapi?"

Nilikimbia kuzunguka ghala mpaka mlango wa uani.

"Bi Salima, shikamoo. Nitolee mama mdogo."

"Marahaba. Una nini, mbona unahema? Picha ndiyo kwanza inaanza."

"Mwite atoke, nakuomba. Mwambie ni mimi."

Akaingia. Mimi sikuweza kuingia. Wanawake walikuwa wamevua mabuibui yao, na mwanamume kuingia mle siku ya Idi ni afadhali avunje msikiti. Nikasimama kizingitini, nao mwanga wa ile shuka ukawa unachezacheza kwenye miguu yangu. Nilijua kwa namna unavyocheza kwamba askari wamekwisha kufika kwenye mapaa.

Bi Salima akarudi, ulimi wake wote umemwisha.

"Nimemwambia. Anasema hatoki. Anasema, 'Mwambie Karisa niko salama, asijifedheheshe mbele ya watu. Yeye ndiye aliyetuita.'"

"Mtoe kwa nguvu!"

"Mtu mzima nimtoe kwa nguvu, mbele ya wageni? Karisa, hajafumba hata macho. Wenzake wa kwenu wamemshika mikono huku na huku. Wamekaa wote. Hakuna anayesema neno."

Mmeelewa? Alikaa kwa ajili yangu. Alijua angeinuka yeye, wangeinuka wote, na kesho mji mzima ungesema Karisa ni mwongo, aliwaita watu kucheka akawapeleka motoni. Akakaa akautazama mpaka mwisho, kwa upande wa nyuma wa shuka, ili mimi nisiaibike. Na Jivan na mgeni wake hawakuniambia neno la pole, kwa kuwa hawakujua kwamba kuna kitu kimetokea.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Karibu na kisima akasimama.

"Karisa, yule alikuwa amesimama wapi?"

"Yupi, mama mdogo?"

"Aliyechukua ile picha. Ng'ombe wamepita karibu naye mpaka unaona pua zao. Yule mama wa mzigo amegeuka, amemtazama yeye. Basi alikuwa pale pale. Nyumba zinaungua, naye kashika mashine yake. Hakuiweka chini akatafuta maji?"

Nilitaka kumfariji, nikasema lolote lililokuja. "Labda ni mchezo. Pengine nyumba zenyewe zilijengwa makusudi, zichomwe kwa ajili ya picha."

Akanigeukia. "Zijengwe ili zichomwe?"

Akashika njia tena.

Asubuhi Bwana Jivan alikuwa anachekelea dukani. "Umeona, Karisa? Ulinitia hofu bure. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyelia. Wamekaa kimya mpaka mwisho. Mgeni amefurahi sana, anasema hajawahi kuona watu wanaoisikiliza picha namna ile. Leo tunairudia."

Vijana, hapa simameni. Mkisahau yote mengine, hili lishikeni. Watu wakinyamaza gizani, msijipe sifa. Anayepiga kelele mnamwona, mnampa maji. Anayenyamaza mnamhesabu kuwa amependa. Nimeona wenye sinema wa siku hizi wakisimama mlangoni watu wanapotoka, wakisema, "Hakuna aliyelalamika." Alalamike vipi, na amekuja kwa mguu wake mwenyewe, amegusa sikio lake, amesoma ubao wenu?

Siku ile nilitoka na pembe na hasira yangu. Nikaipiga mbiu ndefu kuliko zote. Nikasema askari, nikasema nyasi, ng'ombe, mwanamke na mzigo. Nikasema kwa lugha zote mbili kwamba jana mlidanganywa, na aliyedanganya si mdomo huu. Watu wa kwetu hawakuja hata mmoja, na kwa hilo nilishukuru. Lakini watu wa mjini! Walilijaza ghala kabla hata ya saa ya kufungua. Vijana wa rika langu walinizunguka mlangoni.

"Karisa, moto wenyewe mkubwa, au wa kuchomea mahindi?"

"Askari wanaonekana nyuso?"

"Sisi tukae mbele, tuote moto!"

Niliwapima masikio kwa nguvu mpaka mmoja akasema nimemkwangua. Bwana Jivan alinijia akitabasamu, akanipiga bega. "Mbiu ya leo ndiyo mbiu! Kesho piga hivyo hivyo!"

Onyo langu alikuwa amelifanya chambo. Mnalijua jambo hili nyinyi, msijifanye hamlijui. Kuna mbao zenu zimeandikwa kwa wino mwekundu na alama za mshangao, si kumzuia mtu, bali kumtia hamu. Ukitaka kujua kama onyo ni la kweli, tazama kama linamwambia mtu kitu anachoweza kukitumia. "Inatisha mno!" halimsaidii yeyote. "Nyumba ya nyasi inachomwa, na watu wanatazama": mwenye kulihitaji hilo atalitambua papo hapo.

Nilimkabidhi Bwana Jivan pembe. Nikamwambia kwamba mkanda ukishapigiwa mbiu haubadilishwi, hata akija nani na meli gani, la sivyo atafute mtu mwingine.

"Mashine ni yangu, ghala ni langu," akasema.

"Na mdomo ni wangu."

"Wapiga mbiu wengi mjini."

"Mchukue Mzee Mshamu basi."

Mzee Mshamu alipoitwa alianza kukohoa, akaendelea kukohoa mpaka mjumbe akaondoka, kisha akaagiza kahawa. Ikabidi mtu wa dukani atoke na bati na kijiti. Watu walimwuliza ndani kuna nini, akasema picha. Picha gani? Nzuri. Nzuri vipi? Njooni muone. Jioni ile Bwana Jivan alizungushia mashine mabenchi matupu na paka. Baada ya siku kadhaa alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda cha kamba, akasema, "Haya, hautabadilishwa." Na kweli haukubadilishwa tena, muda wote niliomfanyia kazi.

Kwa hiyo wengine waliokolewa. Mama mdogo Kadzo hakuokolewa. Hakuingia tena kwenye ghala lile. Alikaa nami mpaka uzee wake, akanioza mke, akalea watoto wangu, na hakuniambia hata siku moja neno la lawama. Ila tulipoalikwa popote, iwe harusi, iwe ngoma, alikuwa akiniuliza kwanza, "Karisa, huko ndani kuna nini?" Nami nilimweleza kila kitu, kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa. Akasema, "Vema, baba." Kisha nikamsikia amekwenda uani, ananong'ona na jirani juu ya ua wa makuti: "Eti mwenzangu, wewe umesikiaje? Huko ndani kuna nini?"

Mara ya kwanza nilidhani amesahau kwamba ameniuliza. Hakusahau. Alifanya hivyo kila mara mpaka akafa. Jivan na mgeni wake walibadilisha mkanda mmoja, jioni moja, kwa ajili ya meli, na mimi nikabaki mtu ambaye mama yake humwuliza, humshukuru, kisha huenda kumwuliza mwingine.

Nyinyi mnaoshika milango leo, niandikieni kupitia gazeti hili. Msiniandikie salamu. Niandikieni mtu wa mwisho aliyewauliza ndani kuna nini, na mlimjibu nini, kwa maneno yale yale mliyoyatumia. Kama hamkumjibu, andikeni hivyo, na muandike pia alikuwa amefuatana na nani.